Dunia Inazunguka: Historia ya Kizunguzungu Ikisomwa Kutoka Kulesa

Kiswahili kiliona sawasawa kabla ya madaktari. Neno kizunguzungu limejengwa juu ya kitenzi zunguka, na ndivyo mgonjwa anavyokueleza: chumba kinazunguka, kitanda kinazunguka, ule mwembe wa nje unakwenda mduara kama gurudumu la baiskeli. Waarabu huita duwar, nalo limetoka kwenye neno lao la kuzunguka. Warumi waliita vertigo, kutoka neno lao la kugeuka. Lugha tatu, na zote zimekubaliana juu ya dalili. Watu waligawanyika kwenye swali linalofuata: ni nini hasa kinachozunguka? Ni damu? Ni hewa ya tumboni iliyopanda kichwani? Ni pepo? Ni ubongo? Jibu lililokaribia ukweli lilitolewa mwaka 1861, na dawa ya aina inayosumbua wazee zaidi ikachelewa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo. Katikati ya miaka hiyo watu walipewa kila kitu.

Nataka kuisoma historia hiyo kutoka Kulesa, kwa sababu historia za tiba kwa kawaida husomwa kutoka Paris au London, na huku kwetu tunatajwa mwishoni tu, kwenye orodha ya "imani za wenyeji". Kulesa ni kijiji cha Wapokomo kwenye bonde la mto Tana, upande wa Garsen. Ni nchi ya mpunga, ndizi na maembe, nchi ya mafuriko na mitumbwi. Mtu wa miaka sabini huku hajastaafu. Anainama kupanda, anainua kichwa kuangua embe, anashuka kingo za mto zenye utelezi akijua kwamba majini kuna mamba. Mtu huyo akipata kizunguzungu, si suala la kukaa kidogo mpaka kipite. Akianguka akivunjika nyonga, hospitali ya Ngao iko mbali, Hola na Malindi mbali zaidi, na barabara ikiliwa na maji hakuna bodaboda itakayompitisha. Ndiyo maana wazee wengi wakianza kuyumba, watoto wao huamua jambo moja bila hata kikao: asiende tena shamba. Kuanzia siku hiyo anakaa kibarazani. Hakuna aliyemfunga, lakini ndiyo kifungo chenyewe.

Mizani, moto na baridi

Tuanze na maelezo ya zamani, kwa sababu hayajafa. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Afya ni mizani ya hayo manne. Ugonjwa ni mizani kuinama upande mmoja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyapanga mafundisho haya katika kitabu chake kikubwa cha tiba, na kwa karne nyingi kitabu hicho kilisomwa kuanzia Bukhara hadi Ulaya. Kizunguzungu katika mfumo huu kilikuwa na maelezo mazuri tu: mvuke unapanda kutoka tumboni, unafika kichwani, unavuruga na kuzungusha kilichomo.

Elimu hiyo ilifika pwani yetu kwa majahazi. Iliingia Mombasa, ikaingia Lamu, ikafika Kipini pale Tana inapomwagika baharini. Angalia maneno tunayotumia: dawa, tabibu, balghamu, safura, hijama. Yote ni ya msafara huo. Hata leo mtu wa pwani atakwambia chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi, bila kumaanisha joto la sufuria. Na ukimsikia mama akisema "gesi imenipanda mpaka kichwani, naona kizunguzungu", huyo anasema maneno ambayo Ibn Sina angeyaelewa bila mkalimani.

Matibabu yalifuata maelezo. Kama damu imezidi, itolewe: mtu anapigwa chuku, pembe inawekwa mgongoni au shingoni, ngozi inachanjwa, damu inavutwa. Kama baridi imezidi, apewe vya moto: tangawizi, habasoda na asali, pilipili manga. Kama ni jambo la roho, aandikiwe kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa anakunywa. Kama ni pepo, apungwe. Mambo haya yalipopanda mto yalikutana na uganga wa wenyeji, wa mizizi na magome, na wa kuuliza mzee amemkosea nani. Wapokomo wa chini ya mto wengi wao ni Wakristo, na wa juu wengi ni Waislamu, lakini chuku haijawahi kuuliza mtu dini yake.

Sasa usidhani kwamba wakati huohuo Ulaya ilikuwa mbele. Katikati ya karne ya 19, mtu wa Paris akianguka kwa kizunguzungu, daktari wake alisema ubongo umejaa damu. Dawa? Kutoa damu. Kwa kisu kidogo, au kwa ruba. Kuharisha pia. Chuku ya Lamu na kisu cha Paris ni ndugu wa baba mmoja, wote wamelelewa na Galen. Mmoja akaitwa sayansi na mwingine ushirikina, na wote wawili walikuwa wanatoa damu ya mzee ambaye tatizo lake halikuwa kwenye damu.

Njiwa, viziwi na kwinini

Ufa wa kwanza uliletwa na ndege. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Pierre Flourens alikata mirija midogo iliyomo ndani ya sikio la njiwa. Mirija hiyo iko mitatu kila upande, imepinda kama pete zisizokamilika. Njiwa hawakuwa viziwi. Walizunguka. Kila mrija uliokatwa ulimzungusha ndege kwa namna yake. Flourens aliandika alichokiona, na madaktari wa binadamu wakaendelea na ruba zao.

Prosper Ménière alikuwa daktari wa shule ya viziwi mjini Paris. Kazi hiyo haikuwa na sifa kubwa, lakini ilimpa nafasi ambayo wakubwa hawakuwa nayo: aliwaona watu wengi wenye masikio mabovu, na akawasikiliza. Aliona kwamba kuna wanaopata kizunguzungu kikali, kutapika, kelele masikioni, kisha usikivu unapungua. Kama tatizo ni ubongo, kwa nini sikio linakufa nalo? Tarehe 8 Januari 1861 alisimama mbele ya Chuo cha Tiba cha Ufaransa akasema kizunguzungu hiki kinatoka kwenye sikio la ndani. Hawakumshangilia. Mwaka uliofuata, 1862, alifariki, na sifa ikamfikia kaburini. Leo ugonjwa huo una jina lake.

Baada yake akaja Jean-Martin Charcot, daktari maarufu kuliko wote wa neva wakati huo. Yeye alikubali kwamba sikio ndilo lenye makosa, na katika miaka ya 1870 akaanza kuwapa wagonjwa wa Ménière kwinini kwa wingi. Kila mtu aliyewahi kumeza kwinini anajua inavyofanya: masikio yanalia, kichwa kinakuwa chepesi, sauti za watu zinakwenda mbali. Charcot aliitumia dawa inayovuruga masikio kuyanyamazisha masikio yaliyovurugika, hata kama mgonjwa angebaki na usikivu hafifu.

Kwinini hiyohiyo ilikuwa inapanda Tana karibu na wakati huohuo kwa kazi nyingine. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na daktari Gustav Fischer walisafiri kwenye mto huu. Katika miaka ya 1880 Wamethodisti wa Uingereza walijenga Golbanti, na kuanzia 1887 wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani wakaweka kituo Ngao. Bonde hili ni nyumba ya mbu, na mgeni asiye na kwinini hakuwa na maisha marefu. Kwa vizazi vilivyofuata kwinini ilikuwa dawa ya homa kali huku kwetu, na kizunguzungu kilikuja nayo kama chenji. Mara nyingi huondoka dawa ikiisha mwilini. Lakini watu walijifunza jambo moja ambalo vitabu vya historia vya dawa hulisahau: dawa ya hospitali nayo huzungusha kichwa.

Somo hilo lilirudi kwa ukali zaidi na kifua kikuu. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943 ikawa dawa ya kwanza kukipiga kifua kikuu. Ilikuja kama sindano, kila siku, kwa wiki nyingi. Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo ya sehemu ambazo mpango wa matibabu yake ulijaribiwa na kutumika sana. Iliokoa watu wengi mno. Pia inajulikana kuua vinyweleo vya hisia vilivyomo kwenye mirija ileile ya Flourens, na vikifa havioti tena. Mtu wa namna hiyo haoni chumba kikizunguka. Yeye anayumba. Mchana anatembea kwa sababu macho yanamsaidia, usiku taa ikizima anatafuta ukuta. Wapo wazee waliopona kifua kikuu miaka ya 60 na 70 ambao leo wanayumba hivyo gizani, na jirani anasema wamelewa.

Mtu wa Oregon aliyeonekana mganga

Sasa tufike kwenye kizunguzungu chenyewe cha wazee, kile kinachowashika wengi kuliko vingine vyote vya sikio.

Robert Bárány alikuwa daktari wa masikio Vienna. Alipokuwa akisafisha masikio ya watu kwa maji, aliona kwamba maji yakiwa baridi mgonjwa anapata kizunguzungu na macho yake yanarukaruka kuelekea upande mmoja, na maji yakiwa ya moto macho yanarukia upande wa pili. Kutokana na jambo dogo kama hilo alijenga njia ya kupima mirija ya sikio la ndani. Akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zikamkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Mwaka 1921 alieleza mgonjwa ambaye kizunguzungu chake kilikuja pale tu kichwa kilipowekwa mkao fulani. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike wa London wakaeleza hali hiyo vizuri zaidi na kutoa kipimo chake: mlaze mgonjwa haraka, kichwa kimegeuka upande, kisha tazama macho.

Kumbe ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa, kama vumbi la chaki. Mahali pake ni kwenye kifuko kinachotuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Umri ukisogea, au mtu akigonga kichwa, vinabanduka, vinaingia kwenye mrija. Mtu akigeuka kitandani, vijiwe vinaviringika, majimaji yanasukumwa, na ubongo unapokea habari ya uongo kwamba mwili mzima unazunguka. Baada ya muda mfupi vinatulia. Huo ndio ugonjwa. Hakuna damu iliyozidi, hakuna gesi, hakuna pepo. Ni mchanga umeingia pasipo pake.

Ukishaelewa hivyo, dawa inajileta yenyewe: geuza kichwa mpaka mchanga utoke kwenye mrija. Aliyelifuatilia wazo hili mpaka mwisho ni John Epley wa Portland, Oregon. Mwaka 1980 aliwaonyesha wenzake namna ya kumlaza mgonjwa, kumgeuza hatua kwa hatua, na kumwinua akiwa amepona. Wenzake walimcheka, wengine wakatoka ukumbini. Makala yake ilikataliwa mara kadhaa, na ikachapishwa mwaka 1992. Hata baada ya hapo alilalamikiwa mbele ya bodi ya madaktari ya jimbo lake, na ikachukua miaka kabla ya kusafishwa. Fikiria: mtu anakushika kichwa, anakigeuza huku, anakigeuza kule, hakupi kidonge, hakukati, kisha anakwambia nenda, umepona. Kwa macho ya wenzake huyo alikuwa mganga tu. Leo mbinu yake inafundishwa dunia nzima, na wagonjwa wengi wenye vijiwe hupona kwa mara moja, mbili au tatu.

Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu "tiba mbadala", tukumbuke mbadala ni neno la wakati. Mwaka 1850 kutoa damu ilikuwa tiba rasmi. Mwaka 1985 kumgeuza mtu kichwa ilikuwa mbadala. Sheria zetu nazo zimetembea hivyohivyo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi ya mwaka 1925, na chini ya kivuli chake mganga wa mitishamba na mpiga ramli waliogopa askari mmoja. Mwaka 2017 Sheria ya Afya ya Kenya ikaitambua tiba ya asili na tiba mbadala kwa maandishi. Mti ni uleule. Karatasi ndiyo iliyobadilika.

Tuviweke kwenye mizani

Lakini kusema hivyo si kusema kila kitu ni sawa. Nimewahi kuona wasomi wakiitetea kila mizizi kwa sababu wakoloni waliikataza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo sina cheti cha kukilinda. Naona tu kwamba mzee anayeyumba anastahili kuambiwa kila kitu kinafanya nini.

Tangawizi ina haki yake. Mwaka 1986 watafiti wa Denmark waliwapa watu wanane wenye afya unga wa tangawizi kisha wakawatia kizunguzungu kwa njia ya Bárány, kwa maji sikioni. Waliokunywa tangawizi waliona kizunguzungu kidogo, lakini macho yao yaliendelea kurukaruka vilevile. Miaka miwili baadaye mabaharia wanafunzi 80 wakapewa gramu moja baharini, na kutapika kukapungua. Maana yake ni hii: tangawizi inatuliza kichefuchefu, mrija haiugusi. Chai ya tangawizi kwa mzee ni jambo jema, ila isiachwe peke yake. Na anayemeza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi amwambie daktari kabla ya kuinywa kwa wingi.

Habasoda na asali sijui kijiwe kilichohamishwa navyo. Chuku haina la kufanya sikioni, na kwa mzee mwenye upungufu wa damu inaongeza kizunguzungu badala ya kukipunguza. Kujifukiza chini ya blanketi kunamtoa jasho mtu ambaye pengine tayari ana ukame mwilini; akisimama anaona giza na kuangukia sufuria ya moto. Maji ya chumvi ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Watu husema "presha imeshuka, mpe chumvi", wakati hakuna aliyeipima. Kama imepanda, umemwongezea mzigo.

Kombe na maombi sitayapima kwa maji sikioni. Mtu anayeogopa hutulia akiombewa, na kizunguzungu hupenda hofu. Shida inakuja pale maombi yanapokuwa sababu ya kutompeleka mzee popote.

Vidonge navyo viwekwe kwenye mizani ileile. Ukienda duka la dawa ukasema kizunguzungu, mara nyingi utapewa Stugeron au Stemetil. Kwa siku chache za kutapika sana zinasaidia. Lakini zinatuliza ubongo mzima, na mzee akizimeza miezi mingi anasinzia, anaanguka zaidi, na wengine huanza kutetemeka mikono na kutembea kwa kuburura miguu. Betahistini, inayoandikwa sana kwa ugonjwa wa Ménière, ilijaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa 221, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti na kidonge kisicho na dawa. Karatasi ya duka la dawa haifanyi kitu kiwe kweli, kama vile pembe ya chuku haikifanyi kiwe uongo.

Kilichosaidia bila ubishi mwingi ni mwendo. Katika miaka ya 1940 Waingereza Terence Cawthorne na F. S. Cooksey waliwaondoa vitandani askari walioumia vichwa, wakawaambia wageuze macho, wageuze kichwa, warushiane mpira, wapande ngazi. Waliosogea walipona haraka kuliko waliolala. Ubongo hujifunza upya ukipewa kazi. Ndiyo maana naona kumweka mzee kibarazani ni kosa la upendo. Kutembea shambani na mtu pembeni, kupepeta mchele, kucheza ngoma kwenye arusi, ni mazoezi ambayo hakuna anayeyaandikia risiti. Wimbo wa taifa wa Kenya umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, na kubembeleza kwenyewe ni kulisemesha sikio la ndani: mama anayumba kushoto na kulia, mtoto anatulia. Kiungo hicho kimeishi na mwendo tangu kuzaliwa. Kukinyima mwendo uzeeni ni kukiua kabla ya wakati.

Kuuliza vizuri

Nyanya mmoja wa ukoo wetu, upande huohuo wa Garsen, alipita njia hii yote. Alipigwa chuku, akanywa habasoda, akaombewa, akapewa vidonge na kituo kimoja cha afya ambacho hakikumgusa kichwa. Miaka miwili alilala upande mmoja tu. Nilipomuuliza akaniambia, "Mjukuu wangu, nikigeukia ukutani tu, nyumba inageuka nami."

"Na huchukua muda gani, nyanya?"

"Kabla sijamaliza Baba Yetu, imekwisha."

Ndani ya jibu hilo kuna Dix, Hallpike na Epley wote. Kinakuja akigeuka, kinaisha chini ya dakika moja, sikio halijapoteza usikivu: hao ni vijiwe. Alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika mji mwingine. Akakalishwa, kichwa kikageuzwa nusu upande wa sikio bovu, akalazwa kichwa kikining'inia kidogo, akashikwa hapo mpaka kuzunguka kukaisha. Kikageuzwa upande wa pili, akashikwa tena. Akageuzwa mwili mzima kama anayetazama sakafu. Akainuliwa taratibu. Mara ya pili alipoinuliwa akasema, "Kumenyamaza." Hakulipa dawa hata moja. Gharama kubwa ilikuwa nauli.

Hivyo ndivyo swali la historia linavyokuwa swali la leo. Mbinu ya Epley haihitaji umeme, mashine wala jokofu. Inahitaji kitanda, mto na mtu aliyefunzwa. Mwaka 2023 serikali iliwapeleka vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Wanaweza kabisa kufundishwa kutambua mzee wa vijiwe na kumpeleka kwa anayejua kumgeuza. Si kila mzee anafaa kugeuzwa. Mwenye shingo mbovu au mishipa ya shingo yenye shida lazima aangaliwe kwanza, na vijiwe hurudi kwa wengi, kwa hiyo aambiwe mapema asije akadhani amerogwa upya. Utafiti wa Korea uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 957, ulionyesha kwamba kuwapa vitamini D na kalsiamu wale waliopungukiwa kulipunguza kurudi huko kwa takriban robo.

Tatizo ni kwamba wazee wetu hutumia neno moja kwa mambo matatu. Anayesema kizunguzungu anaweza kuwa anamaanisha dunia inazunguka akigeuka. Anaweza kumaanisha giza machoni akisimama, na hapo uangalie maji, chakula, damu na dawa zake za presha. Anaweza kumaanisha miguu haishiki njia, na hapo uulize macho, kisukari, na sindano za zamani. Kila kimoja kina dawa yake. Ukitibu neno bila kuuliza, utatoa chuku kwa mwenye njaa na Stugeron kwa mwenye vijiwe.

Na kuna kizunguzungu kisichongoja chai wala maombi: kinachokuja ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuburuzika, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kusimama, au kichwa kuuma kuliko kawaida. Hicho kinaweza kuwa kiharusi. Hapo tafuta gari, mtumbwi, chochote kinachoelekea hospitali, saa hiyohiyo.

Kwa vingine, anza na maswali ambayo Ménière aliwauliza watu wa masikio mabovu wakati wenzake wanatafuta ruba. Kinakuja ukifanya nini? Kinakaa muda gani? Sikio linasikia? Ulidungwa sindano gani ujanani? Unameza nini sasa? Mhudumu wa kijiji anaweza kuyauliza yote kabla chai haijapoa, na mjukuu pia anaweza.